Tiketi ninayo, safari imenishinda

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja. Nakuandikia usiku, wenzangu wamelala, maana jambo lenyewe siwezi kulisema kwa sauti ndani ya nyumba hii.

Tuko marafiki watatu tangu shule. Mmoja nimwite Mkubwa kwa sababu alitutangulia darasa, mwingine Pacha kwa vile watu walikuwa wakitufananisha. Enzi hizo tulikuwa na simu moja na waya mmoja wa masikioni: wawili wanasikiliza, kila mtu sikio lake, wa tatu anasubiri zamu huku akiwasoma midomo. Bendi tuliyokuwa tukiisikiliza ilivunjika kabla hatujamaliza shule. Tukaapizana, utoto tu, kwamba wakirudiana tutawafuata popote.

Basi wamerudiana.

Ziara yao haipiti kwetu. Inagusa miji michache, na ulio karibu nasi ni wa kupanda ndege. Siku tiketi zilipoanza kuuzwa tuliamka alfajiri, kila mtu na simu yake mkononi. Mimi nilipoingia kwenye foleni ya mtandaoni niliambiwa nimetanguliwa na watu 38,000 na ushei. Pacha ukurasa ulimtoa nje mara mbili. Mkubwa ndiye aliyebahatika. Baada ya karibu saa tatu akafika dirishani, akakuta tiketi za kusimama, zile tulizozipigia hesabu, bei imezidi mara mbili ya ile iliyotangazwa, na pale juu kuna saa inahesabu kurudi nyuma: dakika nne na sekunde kadhaa. Akatupigia wote kwa pamoja, anahema kama mtu aliyekimbizwa. Nikamwambia chukua tu, tutajua mbele ya safari. Akazichukua zote tatu kwa kadi yake.

Hoteli ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nilijiona mjanja: usiku wa kuamkia siku ya tiketi niliweka chumba cha watu watatu, cha kulipia ukifika, bei ya kawaida kabisa. Nikathibitishiwa kwa baruapepe. Siku kumi na moja baadaye ikaja nyingine: samahani, kulikuwa na hitilafu ya mfumo, nafasi yako imefutwa. Nikaingia palepale kwenye ukurasa wao. Chumba kilekile, picha ileile ya shuka jeupe na mto mwekundu, kinauzwa mara nne, na lazima ukilipie siku tatu. Shoo ni usiku mmoja.

Mkubwa hakukata tamaa. Amepata nyumba ya kupanga kwa siku, karibu na uwanja, na ameshatoa malipo ya awali. Wiki iliyopita akatutumia hesabu: tiketi, theluthi yangu ya nyumba, nauli ya ndege. Nilijumlisha mara mbili nikidhani nimekosea. Ni mshahara wangu wa miezi miwili na nusu, na hapo sijala wala sijapanda teksi.

Pesa ipo, na hapo ndipo penye mtihani. Mimi na mume wangu tuna akaunti ya pamoja, tumeweka ada ya kozi yangu ya mwaka mmoja inayoanza baada ya miezi mitano. Mume wangu anajua naenda. Bei anayoijua ni ile ya kwanza. Simu nayo haiishi kuniletea ujumbe kwamba nina sifa ya kukopa, fedha ndani ya dakika tatu. Na kuna mtu mtandaoni, simjui, kasema atainunua tiketi yangu mara tatu ya bei tuliyonunulia, ila nimtumie picha yake kwanza aone kama ni halisi.

Nilipomdokezea Mkubwa kwamba safari inaniwia nzito, alinijibu kwa sauti, si kwa maandishi: "Wewe kila siku ndo unatuangushaga." Sijalala vizuri tangu hapo.

Shangazi, niende, niuze, au nikope? Na je, si yeye aliyenunua kwa bei ile bila kutupa nafasi ya kufikiri?

Mwenye Tiketi Asiye na Nauli

* * *

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo swali la mwisho, ulilolichomeka kama mtu asiyetaka lionekane. Mkubwa hakukununulia bila ruhusa. Umeandika mwenyewe, katikati ya barua, harakaharaka: ulimwambia chukua tu. Maneno mawili hayo yana bei, na bei yake ni tiketi nzima kama ilivyosomeka kwenye skrini asubuhi ile. Si nusu, si ile ya kwenye tangazo. Hiyo utamlipa hata usipokwenda.

Ila hukumwambia panga tu. Hukumwambia kata ndege tu. Nyumba ya karibu na uwanja kaichagua yeye, kwa mfuko wake na raha zake, halafu kakuletea hesabu iliyokwisha kupigwa. Ndani ya hiyo jumla ya miezi miwili na nusu kuna vitu viwili vimefungwa kamba moja. Tiketi ni deni. Nyumba na ndege ni pendekezo, na pendekezo mtu hulikataa bila kuwa amemwangusha yeyote. Nina hakika usiku unaokosa usingizi unavihesabu vyote kama deni, ndiyo maana kifua kinabana.

Kuhusu asubuhi ile, msilaumiane sana. Tarehe 31 Agosti 2024, tiketi za kurudiana kwa bendi ya Oasis zilipouzwa Uingereza na Ayalandi, watu walikaa kwenye foleni saa kadhaa wakitegemea tiketi ya kusimama ya pauni kama 150. Wakafika mbele wakaikuta pauni 355, na dakika za kuamua zinahesabika. Wengi waliamini kuna kompyuta inayopandisha bei kadiri foleni inavyorefuka. Mamlaka ya ushindani na masoko ya Uingereza ikachunguza, haikukuta hilo. Ilichokuta ni cha kawaida zaidi, na mimi kinaniudhi zaidi: tiketi za kusimama zilikuwa na mafungu mawili, la bei ya chini na la bei ya juu, la kwanza likiisha linafunguliwa la pili, na waliokuwa wakisubiri hawakuelezwa vizuri. Mtu aliyekaa saa tatu haioni bei mbele yake. Anaziona saa zake tatu. Siku nyingine, maana bendi hizi hazikomi kurudiana, kubalianeni kikomo kabla ya kuingia kwenye foleni, mkiandike kwenye kundi lenu, na atakayefika dirishani asimpigie mtu simu.

Huenda unashangaa kwa nini safari imeizidi tiketi. Muziki wa kurekodiwa ulipokuwa wa kusikilizwa karibu bure, riziki ya msanii ilihamia jukwaani. Ziara ya mwimbaji wa Marekani Taylor Swift iliyoanza Machi 2023 hadi Desemba 2024 ilikuwa na shoo 149, na tiketi zake ziliingiza zaidi ya dola bilioni 2. Hilo ni la wakubwa kabisa, lakini wengine wanalitazama. Halafu baadhi ya wasanii wameamua kutotembea sana. Agosti 2024 mwimbaji Adele aliimba usiku kumi Munich, Ujerumani, kwenye uwanja wa muda uliojengwa kwa ajili yake peke yake. Jukwaa la namna hiyo ni ghali kulihamisha, kwa hiyo linakaa, anayehama ni shabiki. Gharama ambayo zamani ilipakiwa kwenye malori ya bendi sasa imekuwa nauli yako na kitanda chako, na haiandikwi popote kwenye tiketi.

Wenye vyumba wanalijua hilo kabla yako. Mwimbaji Beyoncé alipofungua ziara yake Stockholm, Uswidi, Mei 2023 kwa usiku miwili, mchumi mmoja wa benki ya Danske alikadiria kwamba ujio ule, hasa kupitia bei za hoteli, huenda ulichangia pointi 0.2 za asilimia kwenye mfumuko wa bei wa Uswidi mwezi ule. Nchi nzima, mwanangu, kwa shoo mbili. Na hiyo "hitilafu ya mfumo" yako ina ndugu zake: Manchester, mwaka ule wa Oasis, watu walilalamika hadharani kwamba vyumba walivyokwisha kuwekewa vimefutwa kisha vikarudi sokoni kwa bei kubwa. Hoteli moja ikajibu kwamba ilikuwa hitilafu ya kiufundi.

Sijui kama yako ilikuwa hitilafu ya kweli. Lakini barua ya uthibitisho unayo, na hiyo usiifute. Waandikie leo, maandishi si simu: taja namba ya nafasi, tarehe uliyothibitishiwa, bei uliyothibitishiwa, ambatisha picha ya chumba kilekile kinavyouzwa sasa, na dai kimoja kati ya viwili: wakurudishie kwa bei ya awali, au wakutafutie cha hadhi hiyohiyo na tofauti walipe wao. Kama uliweka kupitia mtandao wa kuweka nafasi, barua hiyohiyo itume kwao pia; mara nyingi wao ndio wenye nguvu ya kuisukuma hoteli. Kila nchi ina sheria zake, sikuahidi ushindi. Nakuahidi tu kwamba anayenyamaza hajibiwi.

Wakati unasubiri jibu, fungua ramani. Uwanja usiutazame, tazama njia ya treni inayoutokea. Mji wa kituo cha nne au cha tano, ambao hakuna mtu anauandika anapotafuta chumba, huwa na vitanda vya bei ya kibinadamu. Kabla hujalipa angalia jambo moja tu: treni ya mwisho inaondoka saa ngapi, na shoo inaisha saa ngapi. Toa nusu saa nzima ya kutoka mlangoni, kwa sababu watu 60,000 hawatoki kama watu sita. Muda ukikutosha, una pa kulala. Usipotosha, kuna wanaokaa kituoni mpaka treni ya alfajiri, lakini hiyo mtu hafanyi peke yake, na kwa umri wangu hata kuifikiria mgongo unalia.

Cha kumuuliza Mkubwa kuhusu nyumba yake ni hiki: malipo ya awali yanarudishwa mpaka tarehe gani? Ana haki ya kuchagua anasa, ila nyote watatu mnapaswa kuijua tarehe hiyo. Agosti 2024 shoo tatu za Taylor Swift jijini Vienna, Austria, zilifutwa baada ya polisi kugundua njama ya shambulio. Wenye tiketi walirudishiwa fedha za tiketi. Hoteli na ndege ni mikataba mingine, na mwandaaji wa tamasha hahusiki nayo. Aliyekuwa amelipia kitanda kisichorudishwa alibaki na kitanda. Kwa hiyo chochote utakacholipia, kiwe cha kufutika bila gharama, hata kama kimezidi kidogo.

Sasa huyo mteja wako wa mara tatu. Kwanza, unasema tiketi unayo. Unayo kweli? Imenunuliwa kwa kadi ya Mkubwa, bila shaka imo kwenye akaunti ya Mkubwa. Ungelazimika kumwomba yeye picha ili umpelekee mtu usiyemjua. Hebu jisikie unavyolitamka ombi hilo. Pili, picha yenye msimbo, ule unaosomwa na mashine mlangoni, ndiyo tiketi yenyewe. Ukiituma umeshaitoa, pesa haijaja. Na kama ni zile tiketi ambazo msimbo wake unabadilikabadilika ndani ya programu, picha haina kazi, atakachoomba baadaye ni nywila. Anayeanza kwa kutaka picha hanunui.

Hata angekuwa mkweli, mara tatu ni ulanguzi, na wewe juzi tu ulikuwa unalia na bei. Ayalandi walipitisha sheria mwaka 2021 inayokataza kuuza tena tiketi za shoo kubwa kwa zaidi ya bei yake ya mlangoni. Mwaka 2018 timu ya mwimbaji Ed Sheeran ilifuta maelfu ya tiketi zilizopitia kwa walanguzi, waliozinunua ikawabidi kununua nyingine. Kama itabidi kuuza, njia ni ile ya muuzaji rasmi wa tiketi, ikiwa anaruhusu kurudisha sokoni, kwa bei mliyonunulia. Tena aulizwe Mkubwa kwanza, maana atakayesimama kando yake usiku ule ni vizuri awe mtu anayemtaka. Huenda ana mdogo wake anayeililia. Kwa njia hiyo deni lako linalipwa na mtu mwingine na hakuna aliyekosana.

Mkopo, hapana. Hapa sina maelezo marefu. Shoo ni ya muda wa saa mbili tu. Marejesho yatakukuta darasani, na ukichelewa wiki moja yatakukuta na riba juu.

Tumebakiwa na mzee wa nyumba, mumeo. Naona umemweka kwenye sentensi mbili fupi kati ya ada na mkopo, kama mtu anayeficha kitu chini ya zulia huku anaendelea kuongea na mgeni. Fedha ya ada mliiweka wawili. Hata kama kozi ni yako, uamuzi wa kuigusa si wako peke yako, na yeye anaamini bei ya kwanza kwa sababu umemwacha aamini. Mwambie kabla hujamjibu Mkubwa chochote, kwa mpangilio huu: nilisema chukua tu kwa bei ambayo sikukuambia; deni la tiketi nalilipa mimi kwa mshahara wangu, kwa miezi kadhaa; ada siigusi; safari nitakwenda kama kuna namna ya kwenda bila kuigusa. Atakasirika. Ana haki ya jioni moja ya kukasirika, mpe. Usimwambie Mkubwa ndiye aliyeharibu, maana utakuwa umeongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza.

Ukitoka hapo mpigie Mkubwa. Piga, usiandike; yeye alikuumiza kwa sauti, na sauti hurekebishwa kwa sauti. Anza na pesa, kwa sababu mtu aliyetoa kadi yake husikia vizuri zaidi akishasikia atalipwa: tarehe hii nakupa nusu, tarehe ile nusu iliyobaki. Mtumie ya kwanza siku hiyohiyo kama unaweza, hata iwe kidogo. Halafu mwambie kuhusu nyumba: siiwezi, nalala mji wa pembeni, tutakutana mlangoni. Usijieleze zaidi ya hapo. Na hilo la kuangusha watu, muulize ni lini ulimwangusha. Si kwa ubishi. Nina hisia kuna jambo la zamani hapo ambalo halihusiani na bendi, na bora litoke sasa kuliko litoke kwenye foleni ya kuingia uwanjani.

Pacha umemsahau. Barua nzima, tangu ukurasa umtoe nje mara mbili, hana neno. Mtafute leo kimyakimya umuulize hiyo nyumba ya karibu na uwanja yeye anaiwezaje. Watu watatu wakitumiwa hesabu kubwa namna hiyo na wawili wakanyamaza, mara nyingi wote wawili wanangoja mwenzao aseme. Akiwa naye imemshinda, mna chumba cha wawili katika mji wa kituo cha tano, na gharama yako ya kulala imekatika nusu kabla hujapanga la kwanza.

Weka siku moja ya mwisho, ile ambayo nauli na chumba bado vinafutika. Siku hiyo piga hesabu: deni la tiketi ulilobakiza, chumba, ndege, chakula, usafiri wa usiku. Ikitoka kwenye mishahara yako bila ada na bila mkopo, nenda mwanangu, tena nenda ukaimbe mpaka sauti ikauke. Isipotoka, tiketi irudi sokoni siku hiyohiyo, usisogeze mbele hata kwa siku moja, kwa kuwa karibu na tarehe ya shoo wanaouza huwa wengi.

Ule ujumbe wa dakika tatu ufute kabla hujazima simu leo.

Shangazi